Rumba Nayo Ilikuja na Meli

Kuna hukumu ilishatolewa zamani kwenye vijiwe vya wapenda zilipendwa wa Dar es Salaam, na kwa kuwa hakuna aliyekata rufaa, sasa inatembea mjini kama sheria. Inasema hivi: Sunburst, ile bendi ya soul na roki ya miaka ya 1970, haikuwa muziki wetu. Walikuwa vijana wa mjini tu, nywele za afro na suruali za bugaluu, wakiwaiga Wazungu na Wamarekani Weusi. Ushahidi wanao. Albamu pekee ya bendi hiyo, Ave Africa, ilirekodiwa Lusaka mwaka 1976. Jina lake lina Kilatini ndani yake. Ilitoka Zambia, si hapa, na mwaka 2016 aliyeitoa upya ni Strut, lebo iliyoanzia Uingereza, kwa wanunuzi ambao wengi wao wako Ulaya. "Wenyewe wamekuja kuchukua chao," alisema mzee mmoja kwenye kahawa pale Mtaa wa Narung'ombe, na benchi zima likacheka.

Utani ulinoga. Hoja ni mbovu, na ubovu wake unastahili kuanikwa, kwa sababu umetufanya tuutupe upande mzima wa muziki uliopigwa katika mji huu na kuendelea kujiita watunzaji wa urithi.

Kwanza wahusika, kwa faida ya msomaji ambaye jina hilo hajawahi kulisikia, na sitashangaa akiwa kijana wa miaka thelathini aliyezaliwa Ilala. Sunburst ilianza Dar es Salaam mwaka 1970. Mwimbaji James Mpungo, gitaa Hembi Flory Kongo, besi Bashir Idi Farhan, kinanda Kassim Magati, dramu Johnny Rocks. Mtindo wao waliuita Kitoto. Ulichanganya soul, fanki, roki na ngoma za kwetu, na waliuimba kwa Kiswahili na Kiingereza. Rekodi zao zote zilizobaki ni za kuanzia 1973 hadi 1976. Miaka minne ya kurekodi, basi. Ukitaka kupima umri wa bendi kwa kipimo cha bendi kongwe ya Msondo, hawa hawakufika hata kwenye mapumziko ya kwanza.

Sasa tuje kwenye shtaka la kuiga. Anayelitoa kwa kawaida ni mpenzi wa Cuban Marimba. Naomba alitamke tena jina hilo, polepole. Salum Abdallah wa Morogoro, ambaye mimi namhesabu miongoni mwa watunzi wakubwa kabisa ambao nchi hii imepata kuwazaa, hakuipa bendi yake jina la mto wa Uluguru. Aliipa jina la kisiwa cha Karibi ambako rumba ilitoka. Santuri za Kikuba za mfululizo wa GV zilishuka bandarini mwetu na bandari nyingine za Afrika tangu miaka ya 1930, zikapigwa kwenye gramafoni, na vijana wa wakati ule wakajifunza gita kwa kuzisikiliza hadi sindano ikachoka. Waliiga. Waliiga hadi maneno ya Kispania ambayo hawakuyaelewa. Baada ya kuiga sana wakaanza kusema yao, na leo hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema Salum Abdallah ni Mkuba.

Na hili si langu peke yangu la kuchokonoa. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya kuizindua Jamhuri Desemba 1962, siku alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, alilalamika kwamba tulifundishwa kucheza ngoma za wageni na kuziacha za kwetu. Katika orodha yake ya ngoma za wageni, rumba na chachacha zilikaa benchi moja na roki na twisti. Benchi moja! Kwa kipimo cha Mwalimu mwenyewe, dansi lote tunalolililia leo kwenye misiba na harusi lilikuwa la kigeni, na kilichokuwa chetu ni gombe sugu na lelemama. Unaweza kukubaliana na Mwalimu au kumkatalia, lakini huwezi kuichana orodha yake katikati, ukasema nusu ya kwanza ilipata uraia na nusu ya pili ifukuzwe nchini, bila kueleza ni lini na nani aliyegonga mhuri.

Aliyegonga mhuri anajulikana. Ni mwajiri.

Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha NUTA Jazz, na kwa mara ya kwanza wanamuziki wakawa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi na vyombo vya kazi. Baadaye wengine wakafuata: polisi wakawa na bendi, JKT wakawa na bendi, bandari, mabasi ya UDA, na mwaka 1978 shirika la teksi likaanzisha Mlimani Park, yaani Sikinde, ambayo baadaye ikachukuliwa na DDC, ile yenye ukumbi wake hapa hapa Kariakoo. Bendi ya shirika ilikuwa na magitaa ya shirika, gari la shirika na kanda ya kurekodi Radio Tanzania kwa zamu inayoeleweka. Rumba haikupata uraia kwa kuwa ilikuwa na damu ya Kibantu kuliko roki. Ilipata uraia kwa kuwa iliandikwa kwenye daftari la mishahara, na redio ya taifa ikaipiga asubuhi, mchana na jioni kwa miaka ishirini mpaka masikio yakakubali kuwa hiyo ndiyo sauti ya nchi. Nami masikio yangu yalikubali. Napenda Sikinde kuliko niwezavyo kueleza. Lakini mapenzi yangu hayanipi haki ya kusahau yalivyopikwa.

Vijana wa soul, wao, walipewa mgambo. Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU ilianza rasmi Januari 1969 dhidi ya mini, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Hata kabla haijaanza, Oktoba 1968, makundi yaliwavamia wasichana waliovaa mini maeneo ya kituo cha mabasi hapa Kariakoo, mchana kweupe. Mwishoni mwa 1969 wakuu wa mkoa wakapiga marufuku dansi la soul jijini. Sunburst inazaliwa mwaka unaofuata. Tafakari ujasiri wa kuanzisha bendi ya namna ile katika mji ule, mwaka ule. Halafu ongeza kichekesho: Umoja huohuo wa Vijana uliokuwa ukipima upana wa suruali ndio uliokuja kuanzisha Vijana Jazz mwaka 1971, bendi ya magitaa ya umeme na saksafoni, vyombo ambavyo havikuchongwa Uzaramo. Kwa hiyo kosa la Sunburst halikuwa kupiga chombo cha mgeni. Kosa lao lilikuwa kukipiga bila barua ya ajira.

Wapo watakaoniambia: sawa, lakini wale wa dansi walirekodi nyumbani, Sunburst walikwenda nje. Hii ndiyo hoja inayowapendeza sana, kwa sababu ina tarehe na mahali, na tarehe na mahali humpa mtu hisia kwamba ameshathibitisha. Haya, tuiangalie.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri kinachofanya kazi. Santuri za bendi zetu zilichapwa Nairobi. Za Salum Abdallah, za Western Jazz, za Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, zote zilipitia mikononi mwa Wakenya, na wakati mwingine mikononi mwa makampuni ya Ulaya yenye matawi Kenya. Mbaraka aliyekwenda Osaka kuiwakilisha nchi kwenye maonyesho ya Expo 70 ndiye huyohuyo ambaye santuri zake zilivuka mpaka wa Namanga kama mzigo unaoagizwa kutoka nje. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka ukafungwa, wapenzi wa muziki waligundua kwamba walichokiita santuri za Tanzania kilikuwa bidhaa ya nchi nyingine. Kama kuchapwa nje kunaifanya santuri kuwa ya kigeni, basi hatuna hata santuri moja ya kwetu, na tuanze kumrudishia Jomo Kenyatta "Shida" ya Mbaraka.

Lusaka ya 1976 haikuwa ajabu yoyote. Bendi isiyo na shirika nyuma yake ilikwenda kulikokuwa na kazi, studio na mtu wa kutoa elpii. Ndiyo kwanza reli ya TAZARA ilikuwa imekabidhiwa mwaka huohuo, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, na serikali zote mbili zilikuwa zikituimbia kwamba Zambia ni ndugu. Inaonekana undugu ule uliruhusu shaba kupita, si magitaa.

Sasa nataka kukaa kidogo kwenye matoleo yenyewe, maana wanaohukumu hawajawahi kuyaangalia, na ndani yake ndimo ushahidi ulimo.

Muziki wa Sunburst umetufikia kwa sura kadhaa. Kuna santuri ndogo, zile za mizunguko arobaini na tano, wimbo mmoja upande huu na mmoja upande ule. Kuna rekodi walizofanya Radio Tanzania. Kuna elpii ya Ave Africa. Kuna mkusanyo wa 2016 ambao Strut waliupa jina hilohilo la Ave Africa, wakaongeza kwamba ni rekodi zao zote za 1973 hadi 1976. Kila sura ilimlazimisha mwanamuziki awe mtu mwingine.

Santuri ndogo inabana. Una dakika tatu, nne ukibahatika, na kiitikio lazima kifike mapema kabla mteja dukani hajaomba ageuziwe upande wa pili. Nyimbo za bendi zetu za dansi, ambazo huwa na mwanzo wa mashairi taratibu na baadaye chemko refu la kuwainua watu vitini, zilikuwa zikikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande wa mbele, sehemu ya pili upande wa nyuma. Msikilizaji wa nyumbani alinyanyuka katikati ya utamu kwenda kugeuza sahani. Kanda ya redio haibani hivyo. Pale studio za Barabara ya Pugu, siku hizi Barabara ya Nyerere, bendi ilikaa chumba kimoja, ikapiga pamoja kwa mkupuo, mwimbaji akikosea mnaanza upya wote. Wimbo uliweza kupumua. Lakini kanda ile haiuzwi. Ni ya redio, inakaa kabatini, na wewe unaipata tu mtangazaji akipenda. Ukijiuliza kwa nini watu wa umri wangu wanazijua nyimbo mia za dansi kwa moyo na hawajui hata jina moja la albamu, jibu ni hilo. Tulilelewa na kanda, si na santuri. Kwetu wimbo ulikuwa kitu cha hewani.

Elpii ni jambo jingine. Dakika kama ishirini kila upande, jalada lenye picha, jina moja la kuufunika mzigo wote, na lazima mtu aamue wimbo upi utangulie na upi ufunge. Ulaya wakati ule bendi za roki zilishaligeuza jambo hili kuwa dini. Yes wa Uingereza mwaka 1972 walijaza upande mzima wa santuri kwa wimbo mmoja. Sunburst hawakwenda huko. Walichofanya ni cha karibu zaidi na sisi: waliweka chini ya paa moja "Enzi za Utumwani", "Simba Anguruma" na wimbo wa Kiingereza unaosema weusi ni uzuri, wakaviita salamu kwa Afrika. Soma majina hayo kwa mpangilio wowote upendao. Utumwa, simba, weusi, Afrika. Huyu ndiye mwigaji wa Wazungu? Mwaka 1976, wakati Soweto inawaka na makao ya wapigania uhuru wa nusu ya bara hili yako Dar es Salaam, vijana hawa walikuwa wanazungumza kile ambacho mji ulikuwa unakizungumza. Walikizungumza kwa kinanda cha umeme na gita lenye mkwaruzo. Ningesema hata kwamba kwa maudhui yake hii ni albamu ya Dar es Salaam kuliko nusu ya nyimbo za dansi za mwaka uleule, ambazo zilikuwa zikimlilia Asha aliyeondoka na mwenye Peugeot. (Nazipenda pia. Lakini tuseme ukweli.)

Na hapa nina ugomvi mdogo na Strut, ili nisidhaniwe nimetumwa nao. Kuupa mkusanyo wa miaka minne jina la elpii ya mwaka mmoja kumeimeza elpii yenyewe. Mtu anayekutana na Sunburst leo kwenye simu anadhani Ave Africa ni albamu ndefu ya diski mbili, kumbe ndani ya mkusanyo ule kuna santuri ndogo za mwanzo, kuna kanda za redio, na kuna elpii ambayo ilikuwa na mwanzo wake na mwisho wake. Kwa mtafiti, mkusanyo ni hazina. Kwa msikilizaji, umbo limepotea. Zambia wana mfano mzuri wa kulinganisha. Bendi ya Amanaz ilitoa elpii iitwayo Africa mwaka 1975, na muziki uleule upo katika michanganyo miwili ya sauti, mmoja mkavu na mwingine wenye mwangwi. Walipoitoa upya mwaka 2015, lebo ya Now-Again ya Marekani iliweka yote miwili kando kwa kando, ukasikia mwenyewe jinsi mkono wa fundi mitambo unavyoweza kuifanya bendi moja iwe mbili. Sikuona sababu Sunburst wasifanyiwe uangalifu wa namna hiyo, kila toleo likae na mipaka yake.

Nimeitaja Zambia makusudi. Amanaz, WITCH, Ngozi Family, Rikki Ililonga: magitaa makali, midundo ya roki, Kiingereza na lugha za nyumbani. Kaunda aliamuru redio ipige asilimia 95 muziki wa Kizambia, na vijana wenye magitaa ya roki wakaingia humo bila kuulizwa vyeti vya kuzaliwa vya magitaa yao. Leo wanauita Zamrock, ni jina la taifa lao, na Jagari Chanda wa WITCH amerudi jukwaani akiwa mzee, anazunguka dunia. Ni kweli Wazambia nao waliusahau kwa miaka mingi, na waliouibua wengi wao ni wakusanyaji wa santuri kutoka nje. Lakini ulipoibuka hawakusimama mlangoni wakisema si wetu. Sisi tulisimama.

Na tulisimama huku tukimpitisha mwingine dirishani. Patrick Balisidya, mwana wa Dodoma, kiongozi wa Afro 70, mwenye "Harusi" na "Dirishani". Hakuna kijiwe cha zilipendwa kinachomtilia shaka Balisidya, ukimgusa unapigwa. Mwaka 1977 aliiwakilisha nchi kwenye tamasha la FESTAC kule Lagos. Mtu huyohuyo mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa Sweden, akarekodi albamu nzima na Archimedes Badkar, bendi ya ile harakati ya muziki wa kimaendeleo ya Waswidi, watu wa roki ya majaribio wanaochanganya kila kitu na kila kitu. Albamu inaitwa Bado Kidogo. Ilitoka kwa jina la bendi zote mbili, kwenye lebo ya Kiswidi. Kwa vigezo vya benchi la Narung'ombe, hapo kuna makosa yote: studio ya nje, lebo ya nje, Wazungu kwenye dramu, na roki ya majaribio isiyochezeka. Mbona Balisidya hajavuliwa uraia? Kwa sababu alikuwa ameshaingia kwenye orodha ya redio kwa mlango wa dansi. Mlango ndio unaoamua kwetu, muziki unafuata baadaye. Balisidya mwenyewe, nadhani, angewashangaa. Kwake ule ukuta haukuwepo.

Limebaki shtaka la wizi. Hili ndilo lenye hasira, na nalielewa. Mtu anaona muziki wa Dar unauzwa kwa pauni na yuro, anakumbuka wanamuziki aliowaona wakifa maskini, damu inachemka. Kama kuna mwanamuziki au mrithi ambaye hakulipwa haki yake, na adai, na mimi nitakuwa wa kwanza kuandika kuhusu kesi yake. Lakini naomba hasira hii igawanywe kwa haki, kwa sababu wenye hasira wengi wanaitoa wakiwa hatua chache tu kutoka mahali ambapo muziki huu ulitolewa tena na tena, bila jina na bila senti, kwa miaka arobaini. Nazungumzia Kariakoo.

Kariakoo ni mtoaji wa muziki mkubwa kuliko lebo yoyote ya London, ila hajawahi kuwekwa kwenye historia kwa jina hilo. Miaka ya 1980, santuri zilipoadimika, vibanda vya hapa vilirekodi kaseti kutoka redioni na kutoka kaseti nyingine, moja baada ya nyingine, mpaka sauti ikawa kama inatoka kwenye mtungi. Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, aliyetoka Safari Trippers akaiongoza Dar International, miaka yake ya mwisho aliuza kaseti kwenye kibanda karibu na nyumbani kwake Kariakoo. Alifariki 1995. Mtunzi wa kiwango kile anauza muziki kibandani, na mtaa wa pili mwingine anauza nakala za muziki huohuo bila kumwambia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki iliyokuja kuunda COSOTA ni ya 1999. Ikamkuta Marijani kaburini.

Baada ya kaseti ikaja CD ya kuchoma, na sasa ni flashi na memori kadi. Nilikwenda kwenye kibanda kimoja Mtaa wa Kongo, kompyuta moja yenye kioo kilichopasuka kona, spika mbili zinazoshindana na mwenye kipaza sauti wa duka la viatu jirani. Nikamwomba kijana anitafutie Sunburst.

"Shikamoo mzee. Sanbasti ndio nani? Wa Kenya?"

"Marahaba. Wa hapahapa. Andika S, U, N."

Kompyuta ilikuwa na mafolda yamepangwa vizuri: zilipendwa, taarabu, kwaya, singeli, Kongo zamani, Naija. Hakuna Sunburst kwenye zilipendwa. Akatafuta kote, ukatokea wimbo mmoja, "Simba Anguruma", ndani ya folda ya Naija, bila jina la bendi. Nikamwambia aufungue. Gita likaanza, akawa anatikisa kichwa kama anaujua. Sauti ya Kiswahili ilipoingia akasimamisha mkono juu ya kipanya, akanigeukia. "Mzee, hawa wanaongea Kiswahili kabisa." Ndiyo, baba. Kabisa. Akauhamisha. Si kwenye zilipendwa; alisita kidogo, akatengeneza folda mpya, akaiita "Bongo roki".

Kijana yule hana kosa. Amerithi folda kutoka kwa wakubwa zake, na wakubwa walizirithi kutoka redioni. Ila tazama alichofanya kwa dakika moja ambacho benchi la wajuzi halijakifanya kwa miaka yote hii: alisikiliza kwanza.

Kwa hiyo nikisikia kwamba toleo la 2016 ni wizi wa Wazungu, nauliza toleo letu liko wapi ili tulilinganishe. Muziki ulikuwepo. Kanda za redio zilikuwa katika mji huuhuu, katika taasisi ya umma, si Lusaka wala London. Tulikuwa na miaka arobaini kati ya 1976 na 2016. Tulikuwa na wafanyabiashara hapa Kariakoo waliosambaza kaseti za kizazi kipya kwa maelfu kila wiki katika miaka ya 2000, wenye mitaji na magari yanayofika Kigoma. Hakuna aliyefikiria Sunburst, kwa sababu hukumu ilikuwa imeshatoka: si wetu. Ukishasema kitu si chako kwa miaka arobaini, aliyekiokota hawezi kuitwa mwizi na wewe. Anaweza kuitwa hivyo na wanamuziki, na wao tu.

Wala sisemi tuwashukuru Strut kwa magoti. Mkusanyo wao una maelezo ya Kiingereza, umetengenezwa kwa masikio ya mtu wa Berlin anayetafuta fanki ya Kiafrika ya kuchezesha klabu yake Ijumaa, na santuri yake hutaipata dukani Msimbazi hata ukilala hapo. Ni toleo la watu wengine kwa ajili ya watu wengine. Hiyo ndiyo sababu ya sisi kuwa na la kwetu, na wala si sababu ya kununa.

La kwetu lingekuwaje? Elpii ya 1976 ipewe nafasi yake peke yake, nyimbo kwa mpangilio wake uleule, bila kuongezewa kitu. Santuri ndogo zikae kando, zijulikane kuwa ni za mwanzo. Rekodi za Radio Tanzania zitafutwe kwenye kanda zenyewe pale TBC, ambao ndio warithi wa ile maktaba, na TBC itoe orodha kamili ya bendi za soul na roki zilizowahi kupita studio zile, si Sunburst tu. Walikuwepo Rifters, Sparks, Tonics, na wengine ambao hata mkusanyaji wa London hajawagusa. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili na mtu aliyekuwepo kwenye madansi yale. Mikataba ifanywe na wanamuziki au warithi wao, mbele ya COSOTA, kabla ya wimbo mmoja kutoka. Na liuzwe Kariakoo, kwa flashi, kwa bei ya flashi, kwenye vibanda vilevile vilivyouza bila kulipa. Wakipenda waliweke kwenye folda ya zilipendwa. Wakipenda ile ya Bongo roki.

Atakayesema kwamba hakuna soko, namuomba aniambie alilijaribu lini.